Mafuta Yangu Yalikuwa Yakienda Wapi

Nianze kwa kuomba radhi, maana habari ninazotaka kusimulia ni za choo. Sina namna ya kuzipamba. Nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu wa kunieleza waziwazi yale yaliyokuwa yakinitokea, na kila mtu aliona haya. Wauguzi walisema "kule chini", jamaa wakasema "kule nyuma ya nyumba", na mimi nikabaki peke yangu na ndoo yangu. Kwa hivyo wewe unayesoma haya huku umeshika tumbo, unayejua ni hatua ngapi toka kitandani hadi chooni, nimekuandikia wewe. Mwenye kichefuchefu aende zake, hatutagombana.

Jina langu ni Mwanasha. Naishi upande wa Msambweni, na kazi yangu tangu usichana ni kupika mafuta ya nazi. Nakuna, nakamua, natia tui motoni mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, kisha nachuja na kujaza chupa. Wanawake hununua kwa ajili ya nywele, na wengine kwa kukaangia. Mume wangu, Hamadi, alikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, akifua mashuka ya watalii. Mtoto wetu alikuwa mmoja, Mishi, amekaribia miaka miwili na ameshaachishwa ziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa mwili. Sisemi mnene wa kuhema, la, nasema mwanamke aliyejaza leso yake, na nikipita barabarani nilijua kwamba nimepita.

Ugonjwa ulinianza baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, zilizonyesha mpaka visima na vyoo vikawa kitu kimoja. Kijiji kizima kiliharisha. Wenzangu waliharisha wiki moja wakapona. Mimi niliingia Ramadhani nikifunga siku moja na kula siku mbili, Idi ikapita, kaskazi ikaisha, na bado nilikuwa mtu wa mbio. Mara tano, mara sita kwa siku. Tumbo lilijaa hewa, likanguruma hata wageni wakageuka kutazama kuna nini. Ulimi wangu ukawa mwekundu na laini, chenye pilipili au ndimu sikiwezi. Mvua ya masika ilipoanza, sikuwa tena nikipata siku zangu za mwezi. Na ikifika magharibi macho yangu yalikuwa yakifunga duka. Nilimsikia Mishi akicheza mbele yangu wala simwoni, nikawa napapasa ukuta ilhali jirani bado anatia uzi katika sindano.

Kisha nikakonda. Kukonda nilikudhani kunaanza usoni, kumbe kwangu kulianzia pale kiburi changu kilipokaa. Makalio yaliniaga. Nikikaa kwenye benchi, mifupa inagonga mbao, na mtu hana pa kujigeuzia. Leso niliizungusha kiunoni mara mbili na bado ikashuka. Miguu ikavimba huku mapaja yakiisha, nikawa najitazama na kushangaa: vipi mtu huyu mmoja avimbe na kukauka kwa pamoja?

Mwanamke wa miaka ile aliyekuwa akiharisha na kukonda, kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wake mdomoni. Hakuna aliyelitamka mbele yangu. Ila ghafla wateja wangu wakawa na nywele zisizohitaji mafuta. Jirani aliyekuwa akiazima kikombe changu kila alasiri akanunua chake. Na kwa kuwa mume wangu alikuwa akifanya kazi mahotelini, watu waliona hesabu yao imekamilika.

Kosa la kwanza lilikuwa la neno. Nilikwenda zahanati moja, nikamwambia mganga wa zamu, "Daktari, chango langu halitulii." Mimi nilimaanisha utumbo, ndivyo tunavyosema. Yule bwana alikuwa mtu wa bara, akamgeukia muuguzi wake, muuguzi akamwambia chango ni minyoo. Nikapewa dawa ya minyoo. Nikarudi, nikapewa tena. Nikarudi mara ya tatu, na kama nilikuwa na mnyoo hata mmoja, basi aliondoka akiwa ametubu. Nyumbani, mavyaa wangu, yaani mama wa Hamadi, alilisikia neno lile lile na yeye akalisikia kwa masikio yake: chango la uzazi, ugonjwa wa kizazi. Damu imekatika, tumbo limevimba, sasa mtu angefikiri nini? Hapo ndipo alipoingia na mizizi yake.

Mavyaa anaitwa Bi Tatu, na anakaa Majoreni. Yeye si mganga, hana kibuyu wala kilinge. Ni mama wa kawaida anayejua mti gani unachimbwa wapi, na wazazi wake walijua hivyo hivyo. Alikuja na mfuko wa mizizi iliyotwangwa. Maagizo yake yalikuwa haya: ichemshwe, ichujwe, kisha maji yake yakorogewe uji wa mchele kwa tui zito la nazi nzima, lile la kwanza, lisitiwe maji. Tui lingefanya uchungu ushuke vizuri na pia lingenipa mwili. Ninywe kila asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani. Alimfundisha Hamadi mpaka akaridhika, maana zamu ya Hamadi ilianza saa tano na asubuhi alikuwapo.

Alikaa kwetu siku kumi. Siku ya kuondoka alimfunga Mishi mgongoni, akaniambia anakwenda naye Majoreni ili nipate kupumzika. Lile neno kupumzika lilikuwa la heshima. Sote wawili tulijua kwamba alikuwa akimwondoa mtoto karibu na ugonjwa. Nikamuuliza atamrudisha lini. Hakunitazama usoni, alinitazama mkono.

"Ukinenepa, mwanangu," alisema. "Siku utakayonenepa nitamleta mimi mwenyewe."

Nilikasirika, lakini sikumzuia, kwa sababu nami pia nilikuwa nimeogopa kwa ajili ya mtoto. Tangu siku ile sikuwa na shughuli nyingine duniani. Nilitaka mwili wangu unirudie ili mwanangu anirudie.

Mwezi huo mimi na Hamadi tulikwenda hospitali kupimwa damu. Majibu yalichukua wiki mbili. Hamadi, ambaye siku nzima alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu, alirudi nyumbani akapiga pasi leso zangu zote, hata zile za jikoni, kwa kukosa la kufanya. Tulipoitwa tukaambiwa damu zetu zote mbili ni safi. Hamadi alilia pale pale kwenye benchi, kwa sauti, mpaka mama mmoja akampa pole akidhani amefiwa. Tukapeleka habari Majoreni. Mavyaa akajibu Alhamdulillahi, kisha akauliza kama nimeanza kunenepa.

Sasa mtu wa pwani akitaka kunenepesha mtu, hufanyaje? Humpa tui. Nilikula viazi vya tui, mbaazi za tui, wali wa nazi, kichwa cha samaki kilichoogelea ndani ya tui. Nilijilisha kama anayejaza gunia. Na kila nilichokula kilikuwa kikinipita mbio. Katikati ya masika nilikuwa siwezi tena kufika chooni, na Hamadi akaninunulia ndoo yenye kifuniko, akawa anaweka maji kidogo chini yake ili kuisafisha kuwe rahisi.

Ndoo ile ndiyo iliyoniokoa, nasema bila aibu. Asubuhi moja jua liliingia mlangoni likapiga moja kwa moja ndani yake kabla sijafunika. Kile kilichokuwamo kilikuwa cheupe-cheupe, kikielea, na juu ya maji kulikuwa na viduara vidogo vinavyong'aa. Nikainama. Mimi nimetazama mafuta juu ya maji maisha yangu yote. Najua yanavyokusanyika, najua yanavyokimbia ukiyagusa kwa kijiti. Nikachukua kijiti nikayagusa, yakakimbia.

Nilimwita Hamadi kwa sauti iliyomfanya aje akikimbia, akidhani nakata roho. Nikamwambia njoo uone. Akauliza aone nini. Nikasema mafuta. Alitazama dari muda mrefu, kisha akasema kwamba kazini alikuwa akiona ya kutosha, nimwachie nyumbani apumzike. Lakini mimi sikuweza kuacha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Idi kuwaza jambo lingine zaidi ya kufa. Mafuta yanaingia kwa mdomo, mafuta yanatoka huku. Basi ndani yanafanya nini? Yanapita tu kama mgeni asiyekubali hata kuketi? Na mwili wangu unayatazama yakipita?

Nikaamua kuyafuatilia. Siku tatu nilikula wali mkavu na samaki wa kuchoma, bila tui, bila samli, bila kukaanga. Viduara vikapungua na mbio zikapungua. Siku ya nne nikala viazi vya tui kwa makusudi, na Mungu anisamehe nilivyoteseka, lakini viduara vilirudi tele, nami nikafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wake. Kitu kimoja kilinitatiza. Hata siku zile za wali mkavu, viduara havikwisha kabisa. Nilijua kuna mahali pengine mafuta yanapoingilia, na sikupaona.

Nikarudi hospitali, sasa na swali. Siku ya daktari ilikuwa Jumanne. Watu wa benchi lile wana desturi yao: ukitaka kutoka unavua ndara zako na kuziacha kwenye mstari, nazo zinasonga mbele pamoja na watu mpaka urudi. Ndara zangu zilikuwa zikisonga zaidi yangu. Mama mmoja wa Ramisi, mke wa mkata miwa, aliyekuja kwa ajili ya presha, alizisukuma kwa mguu kila Jumanne bila kuombwa. Jumanne ya pili alikuja na mto mdogo wa pamba akaniwekea nikalie, akasema mifupa yangu inampigia kelele. Hatukuwahi kuulizana magonjwa. Kama yuko hai na anasoma haya, ajue kwamba mto ule ninao.

Kwenye dirisha la maabara kulikuwa na bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Mutua, Mkamba, mwenye sauti ya kanisani. Nilimpa kikopo changu nikamwambia atazame vizuri, kuna mafuta ndani. Akacheka kwa adabu. Akasema, "Mama, hapa sisi tunaangalia minyoo na amiba. Mafuta utaonaje na macho?" Nikamweleza kazi yangu. Nikamweleza habari ya kijiti, ya wali mkavu, ya viazi. Aliacha kucheka akavuta kiti.

Alitafuta rangi fulani nyekundu katika kabati lake, akasema hajaitumia tangu chuo. Baada ya saa nzima akatoka akaniita ndani, jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa. Akaniambia nifumbe jicho moja. Niliinama juu ya darubini, na mwanzoni niliona kope zangu tu. Kisha zikatokea tufe ndogondogo za rangi ya machungwa, kubwa kwa ndogo, nyingi sana, zimetulia. Nikauliza ni nini. Akasema ni mafuta, mama, ni ya kwako. Niliyatazama mpaka shingo ikaniuma. Nilikuwa nimelia kwa ajili ya yale mafuta, na hapo yalikuwa yamelala juu ya kioo, mazuri kabisa. Nikamuuliza Mutua sababu.

Alinieleza kwa maneno machache, nami nitayasema machache zaidi, maana mimi si wa kusomesha watu. Alisema tumbo la kila mtu lina vijidudu, vingi kuliko watu wa Kwale nzima, na vingi ni vya amani, vinakaa chini kabisa ya utumbo vikifanya kazi zake. Mara nyingine, baada ya kuharisha kubaya, vijidudu vya aina nyingine huhamia juu, mahali pasipo pao, na utumbo ukachubuka ukashindwa kunyonya mafuta na vinavyokwenda na mafuta, hata ile vitamini inayomwezesha mtu kuona jioni.

"Vimehamia kama nyinyi wabara," nikasema, kabla sijakumbuka fujo za mwaka uliopita, watu wa bara walivyoshambuliwa huku pwani wakahama kwa hofu.

Mutua aliinua macho kutoka kwenye darubini. Halafu akacheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Lakini mimi, mama, sijakuzuia kula," akasema. Nikamwomba radhi, akasema hana neno. Kuanzia hapo tukawa watu wa kutaniana.

Daktari, mama mmoja mtulivu, alisoma karatasi ya Mutua mara mbili, akaniuliza maswali. Je, natumia dawa nyingine yoyote? Nikasema hapana. Nakula nini? Nikamtajia wali, samaki, ndizi, mchicha. Tui? Nimeacha, nikasema, na nilijivunia. Akaniandikia kapsuli za rangi mbili, nisinywe na maziwa, na vidonge vidogo vya manjano vya kila siku kwa miezi, na kidonge kikubwa kwa ajili ya macho. Akasema nivumilie.

Wiki ya kwanza ulimi ulipoa. Wiki ya pili niliona mshumaa baada ya magharibi, nikakaa nao kuutazama mpaka ukaisha. Lakini tumbo halikukubali. Mbio zilikuwa pale pale, uzani pale pale, na wiki ya nne nilipopanda mizani nilikuwa nimeshuka tena. Hapo, kwa mara ya kwanza, niliogopa hasa. Dawa ilikuwa imepatikana, sababu ilikuwa imejulikana, na bado nilikuwa naisha. Nikawaza kwamba Mishi atakua akiambiwa habari zangu.

Nilikaa nje ya maabara, na Mutua akatoka kunywa chai yake. Hakunipa pole. Aliniuliza kama karani.

"Leo asubuhi umekunywa nini, mama?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mizizi. Ya mavyaa wangu."

"Na huo uji wa mizizi ulimwambia daktari?"

"Aliniuliza dawa. Ule ni uji."

"Na chakula alipouliza?"

"Ah, ule si chakula. Ule ni dawa."

Mutua aliweka kikombe chini. Akaniuliza taratibu uji ule unapikwa kwa nini. Nilifungua mdomo kumjibu, na neno lenyewe likanitokea mbele kabla sijalisema. Tui. Tui zito la nazi nzima, kila asubuhi ya Mungu, juu ya tumbo tupu. Nilikuwa nimelifukuza tui kwenye sufuria ya wali na kwenye sufuria ya mbaazi, na kumbe lilikuwa likiingia na bakuli la dawa, na mimi nikilinywa kwa heshima zote mpaka tone la mwisho. Niliinama nikacheka na kulia kwa mkupuo mmoja. Wewe unayesoma, daktari akikuuliza, mtajie kila kinachopita kooni. Usichague wewe kipi ni chakula na kipi ni dawa.

Wiki ile nilimpelekea daktari mizizi yenyewe. Aliigeuza, akainusa, akauliza inaitwaje, nikamtajia jina tunalolitumia sisi. Sitaliandika hapa, maana kuna mti mwingine unaofanana nao na mtu anaweza kuchimba usio wake. Daktari hakuidharau. Alisema haijui, na kwa kuwa haijui tuiweke kando mpaka kapsuli ziishe, ili tufahamu kipi kinafanya kazi. Niliona ni haki.

Shida ilikuwa mavyaa. Kila Ijumaa alikuwa akinitumia mizizi pamoja na nazi saba za mnazi wake mwenyewe, moja kwa kila asubuhi, amezifua makumbi kabisa na kuzichagua. Mimi na Hamadi hatukuwa na ujasiri wa kumwambia asitume. Tungeanzaje? Mtoto alikuwa kwake. Tukawa tunazipokea na kuzipanga nyuma ya mlango. Wiki ya tatu zilikuwa zimefika kwenye bawaba.

Ndipo mavyaa akaja bila kutuma habari. Nilisikia hodi, nikasema karibu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kusukuma mlango uende nyuma, na mlango ukakataa. Akachungulia. Alizitazama zile nazi moja moja kana kwamba anazifahamu kwa sura. Hakuwa amekuja na Mishi, hilo nililiona kabla ya jambo lolote.

"Kwa hivyo mmeona uji wangu ndio uliokuwa ukikuua," akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya adabu, yote yakanipotea. Nikamwambia, "Mizizi haina kosa, mama. Ni tui. Tumbo langu halishiki mafuta."

"Tui?"

"Tui, mama."

Alikaa chini palepale mlangoni. Nilidhani atanitukana, na ningevumilia. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba alikuwa akichagua zile kubwa. Alikuwa akizitikisa sikioni zote zilizoanguka, zenye nyama nene akiniwekea mimi, na yeye na Mishi wakila zilizobaki. Na kila Hamadi alipomjia na kumwambia bado sijanenepa, alikuwa akichagua kubwa zaidi. Hakusema samahani, na mimi sikuitaka. Nilikwenda kwa magoti mpaka alipokuwa nikakaa kando yake, na tukalia wote wawili, kila mtu akitazama upande wake.

Baada ya kuswali adhuhuri aliuliza mbuzi ya kukunia iko wapi. Siku mbili mavyaa alikuna na kukamua, na mimi nimelala kwenye mkeka namwelekeza moto upunguzwe lini na mafuta yachujwe lini, naye hakupenda kuelekezwa lakini alifuata. Zilitoka chupa nyingi. Alipoondoka alizibeba mwenyewe akapita nazo kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akiwaambia mkwe wake ana ugonjwa wa tumbo la mafuta na damu yake ni safi, nani anataka kununua. Yule jirani wa kikombe alinunua mbili.

Habari ya kumrudisha Mishi hakuitaja, nami sikuuliza, kwa kuwa mkono wangu bado ulikuwa ule ule mwembamba.

Kusi ilivuma, nikamaliza kapsuli, nikaendelea na vidonge vya manjano. Ndoo ikatulia. Kwanza mara tatu kwa siku, kisha mara mbili, kisha siku moja ikawa mara moja tu, nikaizunguka ndoo yangu kama niliyesahau kitu. Kilichokuwamo kilizama. Nilimwita Hamadi tena, na safari hii alikuja na akatazama, Mungu ambariki. Mvua za vuli zilipoanza, siku zangu za mwezi zilirudi, na makalio nayo yakaanza kurudi, kwa aibu kidogo. Daktari alinirudishia mafuta kijiko kimoja kimoja. Na kapsuli zilipokwisha nilimwomba ruhusa ya kuijaribu mizizi kwa maji matupu, na akakubali kwa sharti nimwambie kila kitu. Ni michungu isiyo mfano, lakini ile hewa ya jioni iliyokuwa imebaki tumboni iliondoka wiki hiyo hiyo. Ni mizizi iliyoiondoa, au ingeondoka yenyewe? Vile vijidudu viliisikia ladha yake vikahama? Nilimuuliza Mutua, akasema hajui na angependa kujua. Mimi pia ningependa. Usiache vidonge vyako kwa sababu yangu.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama tena, mavyaa alitimiza neno lake. Alikuja mchana, amemshika Mishi mkono, maana mtoto alikuwa mkubwa sasa wa kutembea mwendo mrefu na mwenye maneno yake. Nilikuwa nimevaa leso mpya, na nilikuwa nimeijaza. Mavyaa alinitazama juu mpaka chini, akasema mashaallah, akamsukuma Mishi mbele ampe mamake mkono. Mishi alirudi nyuma ya leso ya bibi yake.

"Huyo si mama," akasema. "Mama yangu ni mwembamba."

Mavyaa akamwambia ndiye huyu, amepona. Mishi akatikisa kichwa. Alinichungulia vile mtoto anavyochungulia mgeni, kisha akatazama nyuma yangu, ndani ya nyumba, kama yuko mwingine huko. Miezi yote ile nilikuwa nimekula kwa ajili ya saa ile moja. Sikujua nimlaumu nani, maana hakuna aliyekosea.

Nikachuchumaa. Nikavuta mashavu ndani mpaka yakagusa meno, nikatoa macho, nikainua mabega ili shingo itoke mifupa. Mishi alikuja hatua moja, akatia kidole kwenye lile shimo la shavu. Mimi nikacheka, mashavu yakajaa tena, naye akarudi nyuma upesi. Nikayavuta ndani mara ya pili, nikakaa hivyo hivyo, machozi yakinitoka, mpaka alipopanda mapajani mwangu akaketi.